Jinsi ya kutumia "incredulous" bila kulichanganya na "incredible"

Kabla sijaanza ngoja nikiri aibu yangu kwanza. Miaka ile naanza anza kazi ya kutafsiri kuna mteja alinitumia maandishi yake niyapitie, kazi ilikuwa nzuri kweli kweli, nikataka nimsifie kwa Kiingereza kizito, kile cha kuonyesha kwamba na mimi nimo, nikamwandikia "Your work is incredulous". Nikatuma, nikajiona msomi. Jibu likaja fupi tu: "Kwani kazi yangu imekataa kuamini nini?" Nikasoma mara tatu sielewi anasema nini, nikafungua kamusi, nikaelewa, nikafunga kompyuta nikaenda kunywa maji.

Nilichotaka kusema ni incredible, yaani nzuri ajabu. Nilichosema ni kwamba kazi yake imekaa pale imekunja uso haiamini inachoambiwa. Tangu siku hiyo hili neno nimelifuatilia kama mtu anayenidai, na siku hizi nikihariri kazi za wenzangu nalikuta limekosewa vile vile nilivyolikosea mimi, kwahiyo nimeona bora niandike hatua kwa hatua jinsi ninavyolitumia saivi.

Hatua ya 1: Jiulize nani haamini

Incredulous ni kivumishi cha mtu. Mtu kaambiwa kitu, au kakiona kwa macho yake, na akili yake inagoma kukipokea. Yeye ndo incredulous. Ile habari yenyewe aliyoambiwa, hiyo ndo incredible. Basi, tofauti yote ni hiyo, ila watu wanaisoma kwenye kamusi, wanaitikia, na wiki ijayo wanakosea tena, manake maneno yenyewe yanafanana mno.

Sasa hapa sisi wa Kiswahili tuna bahati kuliko hata wenye lugha yao. Sisi hii tofauti tunaifanya kutwa nzima bila kufikiri, tena kwa kale kasilabi kenye K: *haamini* na *haiaminiki*. Mtu haamini. Habari haiaminiki. Hakuna mswahili hata mtoto mdogo anayesema "habari yako haiamini", sikio lenyewe linakataa.

Na hiyo K siyo bahati nasibu. Hebu angalia maneno ya Kiingereza yanayoishia na -ible uone yanavyoangukia kwenye Kiswahili: visible ni kinachoonekana, audible ni kinachosikika, edible ni kinacholika, legible ni kinachosomeka, divisible ni kinachogawanyika, credible ni kinachoaminika. Umeiona? Kila moja K ipo. Kile kiambishi chetu cha -ika na -eka kinafanya kazi ile ile inayofanywa na -ible, yaani kitu kinachowezekana kufanyiwa tendo. Kwahiyo incredible ni kisichoaminika, na incredulous, ambayo haina -ible, ni asiyeamini.

Kanuni yangu basi ni hii: geuza sentensi kwa Kiswahili kichwani, ile K ya -ika au -eka ikitokea mwishoni mwa kitenzi andika incredible, isipotokea andika incredulous. Jaribu na hizi.

"The story was ___." Hadithi ilikuwa haiaminiki. K hiyo hapo, weka incredible.

"The old man was ___ when they told him he had won." Mzee hakuamini walipomwambia ameshinda. Ile k ya haku- ni ya wakati uliopita, usiihesabu, mwishoni mwa kitenzi hakuna K, weka incredulous.

Mpaka leo naitumia hii, tena kimya kimya katikati ya sentensi, inachukua sekunde moja.

Ila angalizo, usije ukageuza kibao ukasema basi kila neno la -ulous ni la mtu. Hapana. Garrulous kweli ni mtu, yule mpiga domo asiyenyamaza, na credulous ni mtu, lakini ridiculous, fabulous na miraculous zinakaa vizuri tu na vitu na habari. Mkia wa neno utakudanganya, fuata K.

Na ukikutana na mtu mbishi anakwambia mbona Shakespeare alilitumia hivyo hivyo, usibishane naye sana manake ana hoja. Kwenye tamthilia yake ya Twelfth Night kuna mhusika anaitwa Malvolio anasema "incredulous" akimaanisha jambo lisiloaminika, na zipo kamusi ambazo bado zinaiorodhesha hiyo maana. Ila msomaji wa leo ukimwandikia hivyo hatasema huyu kamsoma Shakespeare, atasema huyu kachemka.

Hatua ya 2: Litamke kabla hujaliandika

Hii watu wanairuka halafu wanaumbuka kwenye mkutano. Sisi tumezoea mkazo kukaa silabi ya pili kutoka mwisho, ku-A-nza, ki-TA-bu, so tukiona incredulous mdomo wenyewe unasema "inkreJUlas". Siyo. Mkazo unakaa kwenye KRE: in-KRE-ju-las. Wamarekani hiyo katikati wanaimeza kidogo inakuwa kama in-KRE-ja-las, na kuna Waingereza wanaosema in-KRED-yu-las, zote sawa, lakini KRE haihami.

Inahama kwenye nomino tu. Incredulity, yaani hali yenyewe ya kutoamini, mkazo unasogea mbele: in-kre-DYU-li-ti. Mi nilifanya mazoezi nikiwa naoga, neno moja afu lingine, incredulous, incredulity, incredulous, incredulity, mpaka ulimi ukazoea.

Tahajia: baada ya d ni u, baada ya l ni o-u-s. Makosa ninayokutana nayo zaidi ni "incredilous" na "incredulus".

Hatua ya 3: Liweke kwa mtu, au kwa kile kinachotoka kwa mtu

Nimesema ni kivumishi cha mtu, lakini utakutana na "an incredulous look" ukajiuliza, look ni mtu? Siyo mtu, ila ni jicho la mtu. Hapa ndo kuna utamu wa hili neno. Linakubali kukaa na vitu ambavyo kutoamini kunapitia vikitoka nje: uso, macho, sauti, kicheko. Kwahiyo incredulous look, incredulous stare, incredulous expression, incredulous voice, incredulous laugh, incredulous smile, zote hizi ni sawa kabisa na ndo jozi utakazokutana nazo mara nyingi.

Lakini "incredulous story", "incredulous price", "incredulous goal", hizo hapana. Hadithi haina uso.

Maswali nayo yanaruhusiwa, "an incredulous question", manake swali lina sauti ya mwenye kuuliza. Ukimya pia, "an incredulous silence", watu wamekaa kimya wote hakuna anayeamini. Ukishaelewa kwamba lazima kuwe na mtu nyuma ya hicho kitu, huhitaji kukariri orodha.

Na likikaa peke yake baada ya kitenzi halina shida: "She was incredulous." "They looked incredulous." "He sounded incredulous." Kuna na mtindo mwingine wa waandishi wa hadithi mi naupenda sana, wanalitupia mwishoni baada ya koma: "He laughed, incredulous." Ntarudi kwenye hiyo sentensi hapo chini kwenye kutafsiri.

Hatua ya 4: Chagua kiungo sahihi

Fasta fasta hapa. Ukitaja kilichomfanya asiamini, tumia at: "incredulous at the news". About nayo inakubalika. Ukifuatisha sentensi nzima, tumia that: "She was incredulous that nobody had called." Of utaikuta zaidi kwenye maandishi ya zamani au yenye uzito, "incredulous of such claims", na hapo maana inaelekea kwenye mtu mwenye mashaka kwa ujumla. By usiiweke, wengi tunaiweka kwa kufananisha na surprised by.

Hatua ya 5: Litenganishe na majirani zake

Hapa ndipo mwandishi mzuri anapojulikana, manake kamusi zenye visawe zinakupa surprised, shocked, sceptical, doubtful, suspicious, zote kwenye kapu moja kana kwamba ni kitu kimoja. Siyo kitu kimoja hata kidogo.

Surprised ni mtu aliyekuwa hatarajii, lakini kashapokea. Umemkuta rafiki yako mlangoni, umeshangaa, umemkumbatia, imeisha. Incredulous bado hajapokea. Kamuona rafiki mlangoni na anasema haiwezekani, wewe si ulisafiri, anamshika bega ahakikishe.

Sceptical ni tabia, au msimamo. Mtu sceptical anasema sawa, lete ushahidi, tutaona, na anaweza kukaa hivyo mwezi mzima ametulia tu. Incredulous ni ya papo hapo. Ni lile tendo la sekunde kadhaa, nyusi zinapanda, mdomo unafunguka, "nini?" Ndo maana ni rahisi kusema "a sceptical scientist" kwa maana ya mwanasayansi asiyemeza kila kitu, lakini "an incredulous scientist" inakupa picha ya mtu aliyetoka kuona matokeo sasa hivi na anafuta miwani aangalie tena.

Suspicious ana mtu kichwani. Anadhani kuna anayemfanyia hila. Incredulous hana haja ya kumshuku yeyote, anaweza kukuamini wewe kabisa ila jambo lenyewe ndo limemshinda.

Na kitu kimoja ambacho kilinichukua muda kukigundua: mara nyingi sana ukikuta mtu ni incredulous, lile jambo ni la kweli. Mwandishi anajua ni la kweli, msomaji anajua, mhusika peke yake ndo bado hajafika. Ndo utamu wake kwenye hadithi. Jambo likiwa la uongo na mhusika halikubali, waandishi wengi wataenda kwenye sceptical au unconvinced.

Halafu kuna incredible yenyewe, ambayo imechakaa. Siku hizi watu wanasema "an incredible meal" na hakuna aliyeshindwa kuamini chochote, ni sifa tu ya kawaida. Unbelievable nayo imeenda huko huko. Incredulous haijachakaa hivyo. Bado imeshikilia maana yake ya kutoamini kweli kweli, haijawahi kuwa sifa ya kumpa mtu, ndo maana ule ujumbe wangu kwa mteja ulikuwa kituko.

Hatua ya 6: Ijue familia

Baba wa ukoo ni kitenzi cha Kilatini, credere, kuamini. Kwa Kilatini hicho hicho ukisema credo ni nasadiki. Kutoka humo tumepata credit, manake anayekukopesha kakuamini, na credible, na creed, na credential, zile karatasi zinazofanya watu wakuamini. Incredulous lilitoka kwenye incredulus ya Kilatini likaingia Kiingereza karne ya 16, na incredible lilikuwa limeshatangulia.

Credulous ni kinyume chake, lakini angalia, kinyume hiki siyo sifa. Mtu credulous ni yule anayemeza kila anachoambiwa, unamuuzia mbuzi kwenye gunia. Ukimwita mtu credulous umemtukana kistaarabu.

Incredulity ndo nomino: "a look of incredulity". Haiwekwi kwenye wingi. Kuna mchoro maarufu wa mchoraji Mwitaliano Caravaggio wa mwanzoni mwa miaka ya 1600 ambao kwa Kiingereza unaitwa The Incredulity of Saint Thomas, pale Tomaso ameingiza kidole kabisa kwenye jeraha la Yesu ubavuni, paji la uso limejikunja, na nyuma yake wenzake wawili wanachungulia. Mi nikifundisha mtu hili neno namwambia autafute huo mchoro kwanza. Angalia lile paji. Hiyo ndo incredulous, na kumbuka nilichosema juu, jambo lenyewe kwa mujibu wa hadithi lilikuwa la kweli.

Incredulously ni kielezi na kazi yake kubwa ni kwenye mazungumzo ya hadithi, "'You walked?' she asked incredulously." Ushauri wangu, usiizidishe. Alama ya kuuliza na swali lenyewe mara nyingi vimeshamaliza kazi.

Na ukikuta "it strains credulity", au "stretches credulity", maana yake jambo linaelekea kutoaminika, linavuta imani ya mtu mpaka karibu ikatike.

Hatua ya 7: Kulileta Kiswahili

Hii ndo kazi yangu ya kila siku na hapa nitakaa kidogo.

Kosa la kwanza ni kutafuta kivumishi. Kiswahili hakina kivumishi kimoja cha hili neno na wala hatukihitaji. Ukilazimisha utasema "asiyeamini", na hiyo inakupeleka kwingine kabisa, msomaji anaelewa mtu asiye na dini. Na upande wa pili, mtu akiwa incredible ukimwita "asiyeaminika" umemwita tapeli. Kwa hiyo ile kanuni ya K ni ya kuchagua neno la Kiingereza tu, usije ukaichukua kama tafsiri. Kutoamini kwenye lugha yetu kunakaa kwenye kitenzi.

Kosa la pili ni kuandika "kwa mshangao" kila mahali. Inakubalika ukiwa na haraka, lakini inapoteza kitu, manake mshangao unaweza kuwa wa furaha tupu na hauna ubishi ndani yake. "Alipigwa na butwaa" nayo imezidi upande mwingine, mtu wa butwaa ameganda, hasemi, wakati mtu incredulous anaongea sana tu, anacheka, anauliza maswali manne kwa mpigo.

Sasa chukua hii: "She shot him an incredulous look." Nimeshaletewa "alimpiga mwonekano usioaminika". Hiyo imeua kila kitu, kwanza mwonekano haupigwi, pili ile K imeingia pasipotakiwa ikageuza maana. Mi nilivyoifanyia kazi ilienda hivi. Kwanza niliandika "alimtazama bila kuamini", sahihi, lakini baridi. Nikaibadilisha "alimtazama kama mtu asiyeamini alichosikia", ndefu mno kwa kitu kilichotokea kwa nusu sekunde, shot ni ya haraka. Mwisho nikaandika "akamgeukia, jicho limemtoka", nikaacha swali lililofuata limalizie. Ilitosha.

"He laughed, incredulous." Hii inaingia Kiswahili kama imezaliwa huku: "Akacheka, haamini." Usiongeze kitu.

"'You walked?' she asked incredulously." Naweza kuandika "'Umekuja kwa miguu?' aliuliza, haamini masikio yake." Au nikiwa na nafasi ya kucheza, naihamishia yote kwenye maneno ya mhusika: "'Kwa miguu? We! Hebu rudia.'" Kielezi kimeyeyuka na hakuna aliyekikosa.

Na silaha kubwa kuliko zote ni *eti*. Herufi tatu. Ukisema "ameshinda" umetoa taarifa, ukisema "eti ameshinda" umetoa taarifa na umeshaonyesha kwamba wewe hujaimeza. "He was incredulous that she had won" ukiileta kama "hakuamini kwamba alikuwa ameshinda" ni sawa kisarufi, lakini kwenye riwaya mi nitaandika "Hakuamini. Eti ameshinda! Yule yule?" Ukitafsiri kwenda Kiingereza nako, ukikutana na eti ya aina hii, simama kwanza, manake that peke yake haitabeba mzigo wake na hapo ndo incredulous inaweza kukuokoa.

Hatua ya 8: Jua lini usilitumie

Ni neno la kuandika zaidi kuliko kuongea. Kwenye taarifa, riwaya, makala, liko nyumbani. Kwenye stori na rafiki ukisema "I was incredulous" hujakosea ila unasikika kama unasoma hotuba, watu wanasema "I couldn't believe it" au "No way!" na maisha yanaendelea. Na kwa kumsifia mtu, kamwe, tumeshaelewana.

Hatua ya 9: Jipime

Jaza mwenyewe kabla hujasoma jibu.

"It seems ___ that nobody noticed the smoke." Haiaminiki kwamba hakuna aliyeona moshi. K. Incredible.

"She let out an ___ laugh." Kicheko kimetoka kwa mtu ambaye haamini. Incredulous.

"His ___ face was the first thing I saw." Hapa kuna mtego. Uso wake haukuamini ulichokiona, incredulous, na ndo jibu la kawaida. Ukiweka incredible sentensi bado inasimama, ila sasa unamsifia sura.

"The witness was ___." Hii nawapa watu kila mara na wanagombana. Ukiweka incredulous, shahidi ndo hakuamini swali aliloulizwa. Ukiweka incredible, basi ama ushahidi wake hauaminiki, ama alikuwa moto wa kuotea mbali, na huwezi kujua ni ipi mpaka usome sentensi inayofuata.